Mama anataka kwenye sebene, baba anataka kwenye omaji: jina lililonitoa jasho Mbarara

Wakuu, salamu zenu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Ninachoandika hapa si chai. Maiki nilikuwa nimeishika mimi mwenyewe. Majina ya wengine nimeyaficha, ila moja nimeliacha kama lilivyo, na sababu mtaiona mkifika chini.

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo. Sasa nakaa Nakivale, makazi ya wakimbizi kule kusini-magharibi mwa Uganda. Kwa hiyo Kiswahili changu kikipinda kidogo, nyoosheni wenyewe mwendelee kusoma.

Kazi yangu ni atalaku. Yule jamaa anayepiga kelele kwenye bendi ya Kikongo wakati mwimbaji amenyamaza, ndiye mimi. Huku wananiita Honi. Mama yangu alikuwa ananikataza kuongea ndani ya nyumba, leo sauti hiyo hiyo inanilisha. Mungu si Athumani.

Watu wengi wanadhani shoo ni mwimbaji na gitaa. Shoo ni lori, jenereta, kibali, mbao za steji, na majina.

Hasa majina.

Sisi tuna mtindo unaitwa mabanga. Mtu anakuja kabla ya shoo, anaongea na meneja, anaacha chochote, halafu mimi nalitaja jina lake katikati ya muziki. Fulani wa duka la simu! Fulani baba wa mapacha! Basi anavimba, anapanda jukwaani kututunza, na wenzake nao wanaona wivu. Bendi ndogo kama yetu bila mabanga hata jenereta haiwaki.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana uzi wote uko hapa.

Majina yana sehemu mbili. Kuna omaji, pale gitaa linapoa, watu wanasimama, wanavua kofia, nawataja waliotutoka. Halafu kuna sebene, pale gitaa linachanganya na hata mwenye goti bovu anainuka. Kwenye sebene nawataja walio hai.

Hizi mbili hazichanganywi. Ukimtaja mzima kwenye omaji, umemzika. Ukimtaja marehemu kwenye sebene, umewacheka wafiwa mchana kweupe.

Twende kwenye kisa.

Bendi yetu ilipata kaziara kadogo ka shoo tatu. Kuanzia Nakivale, kisha Rwekubo pale kwenye maduka, kisha kumalizia Mbarara mjini, ambako kuna mtu angekuja kurekodi video. Kwetu hiyo ilikuwa kubwa sana. Video ikitoka vizuri unaitwa hata kwenye harusi za watu wenye magari.

Mwenye kututengenezea steji ni mzee mmoja seremala. Mbao anazikata yeye, anazipanga kwenye lori yeye, na tukifika anazigonga tena. Tunamwita Fundi. Mke wake anatufuata kila shoo na beseni la mandazi, anauzia watazamaji. Yeye tunamwita Mama Sadiki.

Mmeona? Mke ni Mama Sadiki, mume ni Fundi. Kwetu mzazi anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mpaka jina lake la ujana linasahaulika. Yule mzee zamani alikuwa Papa Sadiki kama kawaida. Alikataza mwenyewe.

Sadiki alikuwa kijana wao. Siku ya kukimbia kutoka nyumbani, familia ilikuwa imeshafika mbali, ikaonekana shangazi mgonjwa kaachwa. Sadiki akarudi kumchukua. Kwenye vurugu wakapotezana. Shangazi alifika, amebebwa mgongoni na watu wengine. Sadiki hakufika.

Miaka ikapita. Simu hakuna, salamu hakuna, aliyemwona hakuna.

Mwaka jana mzee akaamua kuweka matanga. Majirani wakaja, wakakaa kwenye mikeka. Mama Sadiki akakataa kukaa. Alitoa jiko lake nje, akakaanga mandazi, akawauzia waombolezaji. Mtu akimpa pole anamuuliza, "Pole ya nini? Unataka mangapi?"

Mimi nilinunua, sina la kujitetea.

Baada ya matanga mzee akatangaza, "Musiniite tena Papa Sadiki. Niiteni Fundi, inatosha." Tangu hapo nyumba moja, chungu kimoja, lakini maneno ni ya kuombana chumvi tu.

Wiki ya kuanza ziara, Mama Sadiki akanifuata mazoezini.

"Honi, ile video yenu inafikaka wapi?"

Nikamwambia kwa majivuno, mama, video za sisi zinazunguka kwenye simu. Kambi za Tanzania zinafika, Bujumbura zinafika, mpaka ndugu walioko Ulaya wanaziona.

"Basi mutaje mutoto wangu. Mutaje kwenye fasi watu wanachezaka. Usimutie na wenye walikufa, maana mutu muzima akisikia jina yake kule, ataogopa kurudi."

Akaniachia mandazi kwenye karatasi. Nikasema nitaona. Kosa la kwanza la dunia hii ni kusema nitaona huku unatafuna.

Kesho yake Fundi akanivuta kando ya lori.

"Honi, nakuomba kitu moja. Mbarara, kwenye omaji, taja Sadiki."

Nikashikwa na kikohozi. Nikamuuliza, mzee, matanga si ulishafanya?

"Matanga watu walikula, wakaenda kwao. Kaburi sina. Mwili sina. Nataka watu wengi wasimame, wavue kofia, nilie mara moja nipumuzike. Miye nimechoka kumungoja, Honi. Nimechoka sana."

Aisee. Nikasema tena nitaona.

Kesi nikaipeleka kwa Chef, kiongozi wa bendi yetu, mpiga solo. Chef hana mambo mengi. Alikuwa anafunga nyuzi, wala hakuinua kichwa.

"Jina ni moja. Chagua fasi moja ama nyamaza. Asiyekuwepo na lake halipo."

Kwake rahisi, yeye anaongea na gitaa.

Shoo ya Nakivale sikuligusa jina la Sadiki, na Rwekubo vilevile. Shoo ikaisha, Fundi akabomoa steji bila kuniangalia. Mama Sadiki naye akanijia na kijiti cha kugeuzia mandazi mkononi.

"Nimesikia mwenzangu pia alikuja kwako. Nakuambia mapema. Nikisikia mutoto wangu kwenye omaji, nitapanda pale juu nikunyanganye hiyo maiki. Video ipige vizuri."

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi za Nakivale ni mimi.

Mbarara tukafika. Kibali tulikuwa tumekihangaikia Kamukuzi, kwenye ofisi za serikali, mpaka viatu vikaisha soli, na kilisema shoo ni ya mchana, jua likizama tuwe tumezima. Uwanja ulikuwa wa Hajji mmoja mfanyabiashara, mwenye maturubai na viti vya kukodisha, mtu mkarimu ila anapenda jina lake kuliko chakula.

"Ssebo, bwana, wewe iko na sauti kubwa," akaniambia. "Jina yangu usiseme mara moja. Sema mpaka mutu ya Kamukuzi isikie."

Akaja na afande mmoja wa pale kambi ya jeshi, kavaa kiraia, kaninong'oneza, "Taja bibi yangu, sema ni mimi natuma. Lakini moja tu, sawa? Ile ingine hapana taja."

Nikamwambia afande, siri yako iko salama. Sasa nimewaambia ninyi, ila hamjui ni afande yupi.

Watu walijaa. Wakongo, Warundi, Wanyankore wenyeji, akina mama wa Kiislamu na watoto wao chini ya turubai la Hajji. Shoo ikaenda vizuri mpaka ikafika zamu ya omaji.

Chef akapoza gitaa. Watu wakasimama.

Fundi alikuwa mbele kabisa, karibu na ngazi ya steji. Kofia kaivua, kaishika kifuani pamoja na nyundo yake. Kule pembeni mama kaweka beseni chini, kakunja mikono, ananitazama bila kupepesa.

Nikaanza kutaja marehemu. Mwalimu wetu wa zamani. Mpiga ngoma wetu. Dada mmoja wa kwaya. Nilitaja taratibu, kila jina nikimwona mzee anavuta pumzi kama anasema sasa ndiyo zamu.

Majina yakaisha.

Wakuu, sikuweza. Nilifungua mdomo, jina likakataa kutoka. Kumzika mtoto wa mtu mbele ya mama yake, tena kwa spika za kukodi? Nikashindwa.

Fundi alisubiri kidogo. Halafu akavaa kofia yake, akageuka, akaanza kupenya kati ya watu kuelekea kwenye lori. Moyo uliniuma sana. Nilitamani niiweke maiki chini nimfuate.

Lakini gitaa haliulizi hali ya mtu. Chef akabadilisha, ngoma ikadondoka, sebene hiyo. Nikaingia kazini. Hajji nikamtaja mpaka akaomba maji. Bibi wa afande nikamtaja, na sikutaja mwingine. Uwanja wote vumbi.

Nikiwa nazungusha macho kutafuta wa kumtaja, nikamwona muuza mandazi wetu. Nikamwita kama ninavyomwita kila shoo, bila kufikiri:

"Mama Sadikiiii! Mama Sadiki wa mandaziii!"

Akainua kile kijiti juu, kama kawaida yake.

Hapo ndipo nikajisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Jina lilikuwa limeshatoka. Nalitoa kila shoo, miaka yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza mwenye jina yuko hai au amekufa. Mtu akizaa, amezaa. Mtoto awe hapa, awe kule, mama yake ni mama yake.

Na baba je?

Nilijua nimekatazwa. Nilijua mzee anaweza kunirukia na ile nyundo. Nikasema liwalo na liwe.

"Papa Sadikiiii! Papa Sadiki, fundi wa steji tunayokanyaga! Wazazi wa Sadiki, mko wapiii?"

Watu hawajui chochote, wao wanapenda kuitikia tu. Wakanirudishia, "Mko wapiii?" Nikaita tena. Wakaitikia tena, wengi kuliko mwanzo, mpaka watoto chini ya turubai.

Kofia ya Fundi ikasimama katikati ya watu.

Akakaa vile, ametupa mgongo. Chef, Mungu ambariki, alikuwa ameshaelewa. Alizungusha ile ile solo, hakwenda mbele wala hakurudi nyuma, anamngoja mzee.

Nikaita mara ya tatu. Mzee akainua mkono wenye nyundo, bado katupa mgongo. Kisha akageuka. Uso wote ulikuwa umelowa.

Mama Sadiki akachukua beseni lake, akapita kati ya wanaocheza mpaka pale aliposimama mumewe. Nikajua leo ni leo. Alimpa beseni ashike. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaanza kucheza mbele yake.

Picha ilikuwa hiyo. Mzee kakumbatia beseni la mandazi, analia kwa sauti kama mtoto, watu elfu wanamwona na hajali. Mkewe anacheza sebene, uso juu, mikono juu. Nami nilikuwa nalia na maiki mdomoni, na kwenye video mnaweza kusikia sauti yangu inakatika, msidhani ni spika mbovu.

Jua lilipozama tukazima, kama kibali kilivyosema.

Siku chache baadaye nikamkuta mzee Rwekubo ananunua misumari. Nikamsalimia kama nilivyozoea, "Fundi, habari ya kazi?"

Akanitazama kwa ukali.

"Fundi ni nani? Miye ni Papa Sadiki."

Akalipa misumari yake, akaenda zake. Mandazi siku hizi wanakaanga wote wawili, mzee anaunguza, mama anamtukana, majirani tunasikia. Nyumba ina maneno tena.

Somo nililopata mimi, kila mtu achukue lake: si kila swali lazima ulijibu ukiwa umeshika maiki. Nilidhani kazi yangu ni kuamua yule kijana yuko upande gani. Hiyo si kazi ya atalaku. Kazi yangu ni kuwaita waliopo, kwa majina yao kamili.

Karibuni mseme yenu. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Na wale wenye matusi, tafadhali yawe mafupi.

Video bado inazunguka. Simu ya tunayemngoja haijapigwa. Ndiyo maana jina moja sikulificha.

Kama humu kuna Sadiki wa Uvira, mtoto wa seremala, yule aliyerudi nyuma siku ile: shangazi yako alifika, kaka. Alifika salama. Wamebaki wanakungoja wewe.