Sahani Iliyorudi na Visheti

Kule Riyadh kazi yangu ilikuwa kutafsiri katika ofisi moja ya Sulimaniyah iliyoleta wafanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya. Shahada yangu niliitumia kumweleza madam wa Kisaudi dada yetu wa kazi kasema nini. Mshahara niliumalizia haraji, kwenye soko la vitu vikuukuu, nikinunua sahani za Kiingereza za zamani, zile nyeupe zenye michoro ya buluu. Nyanya yangu alitundika moja ukutani, Mombasa. Alipofariki ikauzwa.

Aliyenifundisha kuzichagua ni shoga yangu, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko Saudia, jirani yangu wa ghorofa ya juu nilikopanga, mtaa wa Suwaidi. "Tazama ukingoni," aliniambia. Mchoro ulipigwa kwanza kwenye karatasi laini, kisha karatasi ikabandikwa sahanini. Vipande vilipokutana, mara nyingi havikulingana. Sahani niliyoipenda kuliko zote, pacha wa ile ya nyanya, ilikuwa na ndege aliyekatika mdomo hapo kwenye maungio.

"Huyo usimuuze hata ukilala na njaa," alisema.

Ramadhani nikampelekea futari ndani ya sahani hiyo. Mtu hupeleka kilicho kizuri. Baada ya Idi akahamia Jeddah. Asubuhi ya safari akanirudishia sahani, na kama ilivyo ada, haikurudi tupu: ilijaa visheti. Tulikumbatiana, nikalia. Visheti nilivila taratibu, na kadiri vilivyopungua ndege akazidi kuonekana, mzima, na mdomo wake.

Sahani ilikuwa mpya. Nikajiambia ni haraka za kufunga mizigo. Msomi hakosi maelezo. Nikaijaza katlesi, nikapanda basi hadi Jeddah, nikapiga hodi kwake Al-Hamra. Ndege wangu alikuwa sebuleni, ukutani, juu ya kochi.

"Shoga, yule si wangu?"

Hakugeuka kutazama. "Ndege wa buluu wote ndugu, mwenzangu. Kaa unywe kahawa."

"Wangu hana mdomo."

"Na huyo nilokupa anao. Bado walalamika?"

Nikanywa kahawa. Nilipoaga, alikuwa keshaiosha ile sahani mpya na kuijaza sambusa. "Kwangu mtu hatoki mikono mitupu," akasema. Nikaipokea kwa mikono miwili na kushukuru, ndivyo nilivyolelewa. Niliipakata hadi Riyadh. Sambusa zilikuwa tamu mno, na hilo nalo sijamsamehe.