Salamu Ambayo Hakuiandika

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Heru Juu na binti ambaye sauti yake sikuitambua. "Shikamoo mwalimu. Baba ametutoka," akasema, na alipolitaja jina la marehemu nikakaa papo hapo kwenye kizingiti cha jikoni. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla sijaanza kuwachosha kwa safu hii nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa kusini niliyepangiwa kazi kwenye milima ya Kasulu bila kuulizwa. Marehemu alikuwa rika langu. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana; tulikutana mnadani na misibani, tukataniana, tukaachana. Lakini kuna jambo nililomfanyia akiwa vitani ambalo hakulijua mpaka anaingia kaburini, na leo nalisema kwa idhini ya binti yake.

Kwa Waha, wenyeji wa milima hiyo, salamu si kitu cha kurushiana njiani. Mdogo huinama, hupiga makofi taratibu, huulizia watu wa nyumbani, ng'ombe na maharage shambani, na mkubwa huitikia mpaka mwisho. Kumnyima mtu mwitikio ni kumwambia kwamba hayupo. Asubuhi aliyoondoka kwenda jeshini, marehemu, kijana wakati huo, alimwinamia baba yake akapiga makofi. Mzee hakutaka mwanawe aende, na aliendelea kuchanja kuni. Kijana akarudia. Mzee hakugeuka. Basi kijana akabeba begi lake, akamwambia mama yake, majirani wakisikia, kwamba mzee yule hatapata tena salamu kutoka kinywani mwake. Miezi michache baadaye vita vya Kagera vikaanza.

Barua zote za kijijini zilipitia sanduku la posta la shule, na mimi ndiye niliyezisoma. Barua ya mtu aliye vitani haikuwa ya nyumba moja. Ilisomwa uani, watu wamejaa, kila mmoja anasubiri jina lake. Ile ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za daftari. Hakuruhusiwa kusema walipo, kwa hiyo karibu yote ilikuwa salamu: mama, dada, shangazi, jirani wa juu na jirani wa chini, hadi ng'ombe mwenye baka jeupe. Kila aliyetajwa aliitikia kwa sauti, "Ego, mwana wanje!" Yaani, naam, mwanangu, kana kwamba kijana yupo pale pale. Mzee alikaa pembeni juu ya kinu kilichopinduliwa, mikono magotini, akisubiri zamu yake. Mimi niliona mstari wa mwisho unakuja na yeye hamo. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, sijui lolote, na uso wa yule mzee ukanishinda. Nikageuza karatasi kana kwamba nyuma kuna maandishi, nikasema: "Na baba yangu namwinamia, nampigia makofi. Shikamoo baba."

Mzee akainua mikono, akapiga makofi polepole, akaitikia salamu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mwandikie. Mwambie nimeitikia."

Nilipokaa kuandika jibu, jasho lilinitoka. Nikiandika hivyo, kijana atajua kuna mtu amemsemea. Nisipoandika, nimemdhulumu mzee. Nikaandika neno kwa neno: baba yako anasema ameitikia. Halafu nikasubiri matusi. Nyumba moja ya jirani ilikuwa imekwisha kuletewa habari mbaya kutoka vitani, na wazo kwamba kijana angeweza kufa na hasira niliyoichochea mimi lilinikosesha hamu ya kula. Barua ilipokuja niliifungua kwanza peke yangu darasani, nikiogopa. Salamu ya kwanza ilikuwa ya baba, kabla hata ya mama. Kijana alikuwa ameelewa kwamba mzee hatimaye ameitikia ile salamu ya asubuhi ya kuondoka. "Baba, nimesikia kwamba umeniitikia," aliandika. "Sasa hata nikibaki huku, nitabaki vizuri." Tangu siku hiyo sikuhitaji kuongeza kitu.

Alirudi akichechemea kidogo. Mzee alimpokea barabarani, wakapigiana makofi mpaka wapita njia wakacheka. Baada ya mzee kufariki, marehemu alipenda kuniambia, "Mwalimu, baba yangu alikuwa mkali, lakini ndiye aliyeanza." Mzee naye, enzi za uhai wake, aliniambia mara nyingi kwamba mwanawe ndiye aliyeanza. Nami katikati yao nilikuwa nikiwaitikia wote wawili kwa kichwa. Nilijiambia kwamba nitamweleza siku moja. Uoga wangu niliuita busara, na siku hiyo haikufika.

Msibani, binti yake alinivuta kando akiwa na zile barua mkononi. "Mwalimu, nimezisoma zote. Hii ya kwanza, mbona babu hayumo?" Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Baba yake na kaka yake yeye binti, anayefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, waliwahi kukaa miaka bila kusemezana. Siku moja baba huyo akapanda basi la Kibondo, akamfuata kijana wake huko huko. Wanawe walipomuuliza kwa nini baba mzima ajishushe, alijibu, "Baba yangu alianza, na mimi naanza."

"Sasa kumbe nani alianza?" binti akaniuliza.

"Hakuna," nikasema.

Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga, kisha akalia, nami nikalia naye. Baadaye akaniambia niandike, ili kaka naye ajue.

Sijivuni kwa nilichofanya. Kumwekea mtu maneno mdomoni ni uongo, na mambo yangekwenda vingine ningeitwa mchonganishi hadi leo. Ninachowaza ni watu wawili waliopendana, mmoja chini ya risasi na mwingine juu ya kinu, kila mmoja anamngoja mwenzake. Siku hizi ujumbe unatoka kwenye simu hii unaingia kwenye ile, hakuna mtu katikati wa kuona uso wa anayesubiri. Kilichoachwa kimeachwa kweli. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kuna mtu unamngoja aanze yeye, mpigie leo hii, kwa sauti yako mwenyewe. Sisi wasomaji wa barua tumekwisha.