Mkate Niliompokonya Zuhura

Iko siku moja ya Ramadhani, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo, ingawa mimi si Mwislamu na siku hiyo nilikuwa nimeshiba viazi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikaa Geita, jirani na mgodi, katika nyumba ya vyumba vitatu ya matofali mabichi. Humo humo baba alishona nguo, mama alitia vifungo na kuoka mikate, na mimi na wadogo zangu watatu tulikula, tulilala na kugombana. Ninyi siku hizi mnasema mnafanyia kazi nyumbani, mnasema kwa fahari kama vile mmegundua kitu. Mimi nimekulia kazini. Nililala chini ya meza ya kukatia nguo mpaka miguu ikawa mirefu, ikawa inamkwaza baba.

Kwetu hasa ni Ushirombo. Baba alihamia Geita kuwafuata wachimbaji, kwa sababu aliona hakuna watu duniani wanaorarua suruali kama wao. Akaweka cherehani yake kibarazani, na haikupita wiki watu wakaanza kumwita Fundi. Mama yeye aliitwa Mama Veronika, kwa jina langu.

Mkate hatukuujua. Sisi tulikuwa watu wa ugali na viazi. Aliyetufundisha kuoka ni jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji, ambaye mumewe alifanya kazi chini ya ardhi pale mgodini. Alimwonyesha mama jinsi ya kuoka kwenye sufuria kubwa, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko wa bati. Akampa na donge la chachu. Usidhani wakati ule tulikuwa na hamira za pakiti kila duka. Kila ulipokanda, kabla hujatia chumvi wala sukari, ulikata donge la ukubwa wa yai, ukalifukia ndani ya unga kwenye bakuli la udongo. Kesho yake donge hilo ndilo liliumua unga mpya, nao ukaukata tena donge. Hivyo donge la Mama Zuhura likaishi nyumbani kwetu kama mtoto wa kulea, na ole wake ambaye angelisahau.

Mwaka huo Mama Zuhura alijifungua mtoto wa kiume siku chache kabla ya mwezi mtukufu. Alikuwa kwenye arobaini yake, hapiki, hakandi, na chachu ya kwake ilikwisha kufa. Mama akamwambia, "Wewe lala. Mkate wa futari utatoka kwangu mwezi mzima." Mama yangu Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni ndiye aliyesema hivyo, na aliyasema mbele ya mume wa mwenzake. Baba Zuhura alikuwa akifunga huku anavunja mwamba tangu alfajiri. Jioni alirudi midomo imekauka na vumbi hata kwenye kope, na kitu alichokitamani ni mkate wa moto na uji wa pilipili manga.

Siku kumi za kwanza mama alioka mwenyewe. Kisha zikamiminika kanzu za Idi. Kila mwanamume aliyekuwa na bibi mjini alitaka kanzu mpya, na wote waliitaka wiki hiyo hiyo. Baba aliendesha cherehani mpaka mguu ukamvimba. Mama akakaa chini na sindano, rundo la vitambaa vyeupe mapajani, akaniambia, "Veronika, leo mkate ni wako."

Nilifurahi, nisikufiche. Nilikanda kwa mbwembwe. Wadogo zangu walikuwa wakivutana uzi, baba anaita mkasi, mteja yuko mlangoni anauliza mikono ya kanzu yake imefika wapi, nami nikaweka unga wote kwenye sufuria na kupalia makaa. Mkate ukaumuka vizuri, ukaiva, nikaupeleka, nikasifiwa. Nilipokuwa nasugua karai ndipo niliposhtuka. Bakuli la udongo lilikuwa na unga mkavu mtupu. Nilikuwa nimelioka donge.

Nimesimama pale na karai mkononi, mama akaniuliza bila kuinua macho kwenye sindano, "Chachu umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Maneno mawili tu hayo. Nilidhani nitapata njia kabla ya kesho.

Kesho yake nikachanganya unga na maji nikaomba Mungu. Wapi. Jua lilipopita utosini unga ulikuwa umelala vile vile. Nyuma ya nyumba yetu alikaa Mama Masanja, Msukuma, fundi wa pombe ya mtama. Nilijua kwamba yeye akitaka vitumbua vyake viumuke haraka, huvitilia machicha ya pombe. Nikaenda na kikombe.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma ili nipendwe, nikaomba machicha.

"Mwadila, ng'wanone," akaniitikia kama mtoto wake. " Machicha ya nini leo?"

"Ya kuku."

Akanijazia kikombe. Naye alikuwa mtu mkarimu, hakuwa na kosa lolote katika jambo hili. Nikayachuja kwa kitambaa cha kanzu, mwanangu, kipande kilichobaki cha kanzu ya Idi, nikatia maji yake ndani ya unga, na sukari mara mbili ili kuficha ukali. Unga ule ulipanda ukataka kumwagika. Sijawahi kuona mkate mzuri kama ule. Mama aliupita akanishika shavu, akasema mkono wangu umekuwa mwepesi kuliko wake. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono wake shavuni naona aibu.

Najua utaniuliza, hukujua kwamba Mwislamu hagusi pombe? Nilijua vizuri sana. Nilijiambia moto umeichoma yote. Nilijiambia ni ya kuumulia tu, si ya kunywa. Nilijiambia pia kwamba nikisema kweli mama ataonekana ameshindwa kutimiza ahadi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, au nilijidanganya kwamba ndilo. Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi sababu nzuri za kujipoza.

Nikaupeleka kabla jua halijazama. Nilitaka kuuweka na kukimbia, lakini Mama Zuhura aliniita kutoka kitandani. "Kaa, mwanangu, unisaidie kumimina uji. Mwenzio leo amefunga." Mwenzio ni Zuhura mwenyewe, binti yake wa miaka tisa, rafiki yangu wa kuchezea mdako. Ilikuwa siku yake ya kwanza kufunga kutwa nzima. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mkate, anaufukuzia nzi kwa ukindu, midomo myeupe.

"Baba amesema kipande cha kwanza ni changu," akaninong'oneza. "Cha pembeni, kile chenye ganda."

Baba Zuhura alikuwa ametawadha, amekaa, amechoka. Nikamimina uji, ukamwagika kwenye sinia. Hakuna aliyenigombeza. Mzee mmoja wa Tabora ndiye aliyekuwa akiadhini pale mtaani kwetu, kwa koo lake tu, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie. Tukanyamaza. Adhana ikasikika. Zuhura akanywa maji, akafumba macho kwa utamu wa maji. Baba yake akamega kile kipande cha pembeni akampa. Msichana yule akakishika kwa mikono miwili, akasema bismillahi.

Nilimrukia, mwanangu. Nilikipokonya kile kipande kikiwa kimegusa mdomo wake, nikapindua na bakuli la uji. Zuhura akapiga ukelele. Baba yake akasimama. Nami nikasikia sauti yangu inasema, "Msile! Nimetia machicha ya pombe! Chachu niliioka!" Kisha nikalia kama mtoto mchanga, hata mtoto mchanga wa ndani akaamka tukalia wote wawili.

Baba Zuhura akanigeukia. Nilitegemea kofi. Akaufunika mkate kwa kawa, akausogeza mbali, akavuta sinia la viazi vya kuchemsha.

"Ilikuwa vigumu kusema?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Basi umekwisha sema. Kaa ule kiazi."

Nikakaa. Siku nzima mtu yule alikuwa na njaa chini ya mwamba, na jioni yake alikula viazi vikavu kwa ajili yangu, na bado akanichagulia kile kikubwa. Zuhura alinikalia kisogo. Walipomaliza, Mama Zuhura akaniita chumbani, akaniketisha ukingoni mwa kitanda.

"Kuoka donge si kitu," akaniambia taratibu, mtoto akinyonya. "Mimi mwenyewe nimelioka mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mtu mzima na ndoa yangu. Ungekuja ukasema, tungecheka, tungekula viazi. Lakini wewe ulikaa ukafikiri, Mama Zuhura yuko kitandani, hatajua. Ulitegemea kutojua kwangu. Hapo ndipo uliponiumiza, Veronika."

Akanifuta uso kwa upindo wa khanga yake, akaniruhusu niende.

Nyumbani nilimwambia mama yote, mpaka na kuku wa uongo. Heri angenichapa. Alichofanya ni kuchomeka sindano kwenye kitambaa, akasukuma lile rundo la kanzu kando, akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama sawasawa wiki ile nzima.

"Jana nilikuuliza," akasema, "nami naangalia kifungo. Ningekutazama usoni ningeliona. Na mimi nimekosa." Kisha akajitanda akaenda kwa mwenzake, akakaa huko kitambo. Baba alizima taa ya cherehani, jambo ambalo halikuwahi kutokea msimu wa Idi, akawaita wadogo zangu akawasimulia hadithi ya sungura. Hakunitaja kabisa.

Chachu mpya haina njia ya mkato. Unakoroga unga na maji, unafunika, unangoja. Siku tano tulingoja, nami kila asubuhi nilikwenda na bakuli kitandani kwa Mama Zuhura alitazame na kulinusa. "Bado," anasema, "ongeza unga kijiko." Siku zote tano nyumba ile ilifuturu bila mkate, na hakuna aliyenikumbusha. Nilipita mbele ya Baba Zuhura nikiinamisha kichwa. "Shikamoo," nasema. "Marahaba, mwanangu," anajibu, vile vile kama zamani. Zuhura ndiye aliyeninunia. Haki yake.

Siku ya sita bakuli lilitoa povu na harufu ya uchachu. Mama aliacha kazi, tukakanda pamoja, akanisubiri mpaka nimekata donge na kulifukia, kisha ndipo akarudi kwenye vifungo vyake. Jioni niliubeba mkate ule mikono miwili. Haukuwa mzuri kama ule wa machicha. Ulipasuka upande mmoja na chini uliungua kidogo.

Nikauweka mkekani, nikasimama wima kama shahidi mbele ya hakimu, nikaanza kutaja. "Kuna unga wa ngano. Kuna maji ya kisimani. Kuna chumvi, na sukari vijiko viwili, na chachu ile uliyo..."

"Veronika," Mama Zuhura akanikatiza. Siku hiyo alikuwa ametoka kitandani, ameketi mkekani pamoja na wenzake. "Sijakuuliza."

Adhana ilipoita, akamega kipande cha pembeni akampa binti yake. Zuhura akakitazama, akanitazama na mimi, akatia mdomoni.

Mwanangu, nakuusia mambo mawili nawe uyashike. Ukimpa mtu chakula, au kazi ya mikono yako, au neno lako, usihesabu kwamba hatajua. Ukikosea, mwambie angali hajala. Aibu ya kusema utaimaliza, mimi niliimaliza ndani ya siku tano. Na ukiwa na kazi nyumbani, na watoto wamekuzunguka na kila mmoja anakuita, ukimwuliza mtoto jambo, inua macho umtazame. Kazi itangoja. Na yule mtoto anayekudanganya, mara nyingi anaomba tu umtazame apate kukwambia kweli.

Mungu aijaze nyumba yako unga na vicheko. Akupe jirani wa kukuonya kwa upole, na moyo wa kumwonya mwingine vivyo hivyo. Na mtu akila chochote kutoka mkononi mwako, ale bila kuuliza.