Mfuko Ambao Daktari Hakuubeba

Ipo siku moja ninayoikumbuka mara mbili, mjukuu wangu, na moja ya kumbukumbu hizo mbili ni uongo mtupu. Nilitaka kufa nayo kimya. Lakini jana, hapa sebuleni kwangu Kyebando, huku unakula pilau yangu, ulisema sisi wa enzi ile ya utawala wa wanajeshi tunatia chumvi, kwamba wengi wa waliopotea walijiendea zao tu nje ya nchi. Nikakuuliza umeyasikia wapi. Ukasema kila mtu anasema. Nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Leo wageni hawapo na hasira bado ninayo, kwa hiyo kaa chini.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa chuoni kumsaidia Daktari Musoke kazi ya hesabu. Usicheke, bibi yako alikuwa mkali wa hesabu. Daktari alikuwa anachunguza ubongo unavyoweka mambo, ila mezani kwake hapakuwa na ubongo wowote, palikuwa na karatasi. Kompyuta tulizisikia tu. Alinieleza kwamba seli za ubongo hupashana habari kwenye viungo vidogo sana viitwavyo sinapsi, na kwamba viungo hivyo huimarika au hulegea kadiri vinavyotumika. Basi tukachora karatasi kubwa ya vyumba vyumba, kila chumba kiungo kimoja, na ndani yake namba kwa penseli. Seli mbili zikiamka pamoja, namba yao inaongezwa. Kiungo kikikaa bila kazi, namba inapunguzwa kidogo. Futa, andika, futa, andika, kutwa nzima, mpaka chembe za raba zinajaa mapajani.

Mimi kufuta kulinichosha. Wiki moja nikaona bora niongeze tu, niache kupunguza, nani atajua? Daktari alipoijaribu karatasi yangu, kila swali alilolitia lilitoa jibu lile lile. Akaniita. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliniuma.

"Zuhura, umenitengenezea mtu anayejua neno moja tu," alisema. "Unadhani kupunguza ni kazi ya bure? Hesabu hii haiulizi kama jambo ni la kweli. Inauliza limepita mara ngapi. Uongo ukipita kila siku unapata njia pana, na jambo uliloliona kwa macho yako, usipolipitisha, linafifia."

Nikairudia karatasi nzima huku nimenuna. Niliona ananionea kwa ajili ya namba.

Haukupita mwezi. Jumanne, saa nne asubuhi, chai imeletwa muda si mrefu, wakaingia wanaume watatu wenye mashati ya maua, wale makachero wa wanajeshi. Wakamwambia Daktari ainuke. Alikosa nini? Mpaka leo sijui, na mpaka leo damu inanichemka: mtu mwenye penseli na raba! Hapa nisikilize vizuri. Alikuwa amevua miwani, ameiweka juu ya karatasi yetu. Akanyoosha mkono aichukue, wakamkataza. Akatoka mikono mitupu. Mlangoni alijikwaa kwenye ngazi kwa kuwa bila miwani hakuiona, mmoja wao akacheka, kisha wakamtia kwenye buti ya gari mchana kweupe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri akaja afisa wa jeshi, akatupanga mstari wafanyakazi wote. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. "Daktari naenda Nairobi," akasema. "Yeye mwenyewe. Nabeba mufuko yake ya kahawia. Mutu akiuliza, nyinyi nasema hivyo." Akatusemesha mmoja mmoja. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kusaini daftari la mahudhurio, palikuwa na mtu wake mezani wa kutuuliza. Daktari yuko wapi? Nairobi. Alibeba nini? Mfuko wa kahawia. Tulijibu hivyo miezi minne.

Nilijiambia ni mdomo tu unaosema. Kosa langu, mwanangu, ni kwamba nikifika nyumbani sikumwambia mtu lolote. Mama aliniuliza, nikasema nimechoka. Kitu kimoja tu nilifanya: ile miwani niliificha kwenye mtandio, nikampelekea mke wa Daktari, Mama Robina, kule Naguru. Nikaiweka mkononi mwake na kukimbia bila kusema neno.

Miezi minne ilipokwisha, Mama Robina akaja kwetu, jua linawaka, amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango.

"Sikuulizi alipo," akasema. "Niambie tu alivyotoka. Wewe ulikuwepo."

Nilitaka kumpa ukweli, wallahi nilitaka. Nikasema, "Walikuja watu watatu. Alitoka nao, mkononi ana mfuko wake wa kahawia."

Akanitazama. "Mfuko gani? Mume wangu hajawahi kuwa na mfuko wa kahawia."

Mwanangu, mimi niliuona. Niliona mshikio wake uliochakaa, niliona kifungo chake cha shaba, niliona Daktari akiuhamisha mkono pale mlangoni. Mfuko ambao haukuwahi kuwepo. Na sikuwa namdanganya yule mama. Nilikuwa nakumbuka. Washenzi wale walimchukua Daktari chuoni, kisha wakamchukua tena ndani ya kichwa changu, na mimi ndiye niliyewafungulia kila asubuhi.

Hakunitukana. Alitoa ile miwani kwenye mkoba, akaiweka mapajani mwangu. "Mtu wa kwenda Nairobi anaacha miwani?" akauliza. "Anza tena, polepole."

Nikaishika. Ikarudi ngazi kwanza. Kisha kicheko cha yule mtu. Mikono mitupu ilikuja mwisho kabisa. Alinisimulisha mara tatu, yeye analia na mimi nalia. Baada ya hapo, kila Ijumaa nikitoka kuswali nilikwenda kwake Naguru nikamsimulia upya, mpaka wanajeshi wale wakaondoka, na baada ya hapo tena, mpaka yeye mwenyewe akafariki. Daktari hakurudi, na kaburi hana.

Na ule mfuko bado upo. Hata sasa hivi nilipokuwa nakusimulia, wenyewe ndio uliotangulia, ikabidi niuondoe ndipo nione mikono yake. Halafu wewe unaniambia walijiendea zao.

Nasaha yangu ni hii. Ukishikiwa bunduki, sema wanachotaka, uhai ni uhai, sitakulaumu. Lakini siku hiyo hiyo mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie ulichokiona, na wiki ijayo umwambie tena. Ila wewe hujashikiwa bunduki. Wewe unarudia bure, eti kila mtu anasema. Neno usilojua lilikotoka usilipitishe, kwa sababu kila ukilipitisha unalipanulia njia kichwani mwako na vichwani mwa wenzako, na kulifuta baadaye ni kazi ya miaka.

Miwani hii hapa, Mama Robina aliniachia. Ishike. Sasa nijibu kwa sauti: Daktari alibeba nini? Sema: hakubeba kitu. Sema tena.

Haya. Mungu akulinde na watu wa namna ile, akuhifadhie macho yako na yote uliyoyaona kwayo, na asikukoseshe mtu wa kumwambia. Amin. Ijumaa uje, unisimulie wewe.