Restuta Akataa Kuapa

Restuta wa Mbuba alikuwa Mmenonaiti pekee kijijini, na kijiji hakikumwacha asahau. Ndugu zake wote Wakatoliki. Yeye aliolewa Musoma, akabatizwa huko akiwa mtu mzima, kwa kutaka mwenyewe, na alipofiwa na mume akarudi nyumbani na imani yake.

"Ubatizo wa utotoni ulikukosea nini?" walimtania.

"Haukuniuliza," alijibu.

Basi miaka ile ya wakimbizi, kambi zimejaa, hata kuni zinagombaniwa, mbuzi wa jirani yake Danstan akapotea. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamkamata Niyonzima, Mrundi aliyekuwa kibarua wa Restuta, wakamfunga kamba, wakamkokota hadi barazani. Danstan akashika Biblia, akaapa haraka haraka kwamba alimwona akimswaga mbuzi asubuhi ile. Fimbo zilikuwa tayari.

"Asubuhi hiyo alikuwa kwangu," Restuta akasema. "Tulipalilia migomba pamoja mpaka jua la utosi."

Mwenyekiti wa kijiji akamsukumia Biblia. "Apa."

"Siapi."

Watu wakacheka. "Dini gani hiyo ya kuogopa Biblia?"

"Humo humo ndimo Yesu alimokataza kuapa. Ndiyo yangu ni ndiyo."

Mdogo wake, Alfonce, akamvuta kanga. "Dada, ni neno moja tu! Huyu watamuua kwa fimbo, wewe ubaki na dini yako?"

Hapo, niwaambie kweli, Restuta aliyumba. Alimtazama Niyonzima, midomo imemkauka. Mkono wake ukakiendea kile kitabu, ukasita. Kisha akaketi vumbini, bega kwa bega na yule Mrundi.

"Mwenyekiti, niliahidi kutoapa siku ya ubatizo wangu, nikiwa na akili zangu. Nikiapa leo, yote nisiyoyaapia yatakuwa uongo. Neno langu mnalo. Kama halitoshi, anzeni kunichapa mimi."

"Inuka, bibi, unatuaibisha."

"Chapeni! Au fimbo zenu ni za wageni tu?"

Hakuna aliyeinua fimbo. Restuta akamgeukia Danstan. "Weka Biblia kando. Niambie mimi jirani yako, bila kiapo: ulimwona?"

Danstan akajikuna shingo. "Niliona nyayo."

"Za mbuzi?" mtu akadakia huko nyuma, na baraza zima likaangua kicheko.

Mwenyekiti, uso umemvimba, akaamuru kamba ifunguliwe. "Lakini siku nyingine utaapa, bibi."

"Siku nyingine niambie tena," Restuta akasema, akijipangusa vumbi, "nami nitakukatalia tena."