Nukta Mbili Chini ya Kombe

Kila nikitaka kusimulia hili uso unawaka moto, lakini kwa kuwa video yenyewe imeshazunguka mji mzima na hata muuza mkaa wangu siku hizi ananiita Mama Mnada, bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe kuliko kwa waliotia chumvi (na hiyo chumvi haikuhitajika, jamani, jambo lenyewe lilikuwa linatosha).

Mimi napenda vyombo vya zamani. Tuna kundi letu kwenye simu linaitwa Vyombo vya Bibi, na kila Jumamosi alasiri kunakuwa na mnada wa laivu: muuzaji anashika chombo chake mbele ya kamera, anakisifia, watu wanaandika dau, na admini wetu dada Farhana, ambaye kwao wana duka la vyombo mjini Mtwara tangu enzi za babu yake, akiona dau limesimama anapiga ukelele, "Imekwenda!" Na ikishakwenda imekwenda, hakuna cha kughairi. Nilishauza birika moja na vikombe vya mama mkwe (kwa ruhusa yake, msinitazame hivyo), watu wakanisifia, sifa zikanipanda kichwani. Nikataka sasa kutoa chombo cha kuwanyamazisha wale wauzaji wa Dar wanaojiona.

Ndipo nikalikumbuka kombe. Nasema ile sahani kubwa ya kaure, si kombe la mpira. Jeupe, maua ya waridi katikati, ukingo wa dhahabu iliyofifia, lilikuwa juu ya kabati langu chini ya kitambaa cha kufuma. Ungeniuliza siku hiyo ni la nani ningekuapia ni langu. Kitu ukikaa nacho, ukakifuta vumbi kila wiki, akili inakiandikisha jina lako, au labda ni akili yangu tu iliyo hivyo.

Ukweli ni kwamba kombe lile lilikuja kwangu mwezi wa Ramadhani, limejaa mihogo ya nazi na samaki, kutoka kwa Bi Rukia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Mikindani. Mama huyu ndiye aliyenipokea nilipoolewa nikitoka Kitaya sijui mtu hata mmoja, na nilipojifungua Salma ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto mama yangu akiwa mbali. Sasa mnajua wenyewe, chombo cha jirani hakirudi kitupu, lazima utie kitu, na mimi kwa uzuri wa kombe lile nikaona haya kulirudisha na vitumbua. Nikasema nitapika biriani. Ijumaa hii mchele mzuri sina, Ijumaa inayofuata mtoto ana homa, mara gesi imekata, kombe nikalipandisha juu ya kabati lisije likavunjika, na huko juu nikasahau kabisa lilikotoka. Biriani ndiyo iliyonimaliza, siyo kitu kingine.

Na ngojeni, bado. Siku moja Bi Rukia alikuja kukaa kwangu, akalalamika kwamba kombe lake limepotea, anadhani lilibebwa kwenye harusi ya kule Likombe, na anayemshuku ni wifi yake wa Mtawanya, ndiye aliyefungasha vyombo siku ile. Mimi nilikuwa naangalia simu, namsikiliza kwa sikio moja, na kombe lenyewe liko juu ya kichwa chake. Mnajua nilisemaje? Nikasema, "Mama, watu wengine hawana haya kabisa." Yaani mimi!

Basi Jumamosi ikafika. Nikavaa kanga mpya, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, miwani nikaivua (miwani inanizeesha), nikaanza. Jamani, uongo ukishatoka wa kwanza unajiita wenyewe kwa wenyewe. Nikasema kombe hili ni la bibi yangu mzaa baba, kwamba alituzwa siku ya harusi yake, kwamba lilivushwa mto Ruvuma kwa mtumbwi limezungushiwa pamba, kwamba mapokezi yake Kitaya yalikuwa ya vigelegele. Sauti ikapanda kama dalali wa kweli. Mpaka nikajifuta jicho.

"Mama Salma, geuza tuone chini," akasema Farhana, maana wanunuzi wa vyombo vya zamani hawatoi dau kabla ya kuona muhuri wa kiwanda.

Nikageuza. Muhuri ulikuwa umefutika nusu, na pembeni yake kulikuwa na nukta mbili nyekundu.

Nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Na hizi nukta mbili ni za fundi mwenyewe, alizitia kwa mkono. Ndiyo maana makombe haya huyapati."

Sasa nyie mnaoishi huku mnajua. Kwenye harusi na misiba tunaazimana vyombo, vinaoshwa pamoja vinachanganyika, kwa hiyo kila mwanamke anatia alama yake chini: huyu rangi ya mlango, yule kipande cha plasta. Bi Rukia anatia rangi ya kucha nyekundu, nukta mbili. Nimeziosha nukta zile kwenye kila shughuli ya mtaa huu, nimezitenga kwa mkono wangu nikisema hizi za Bi Rukia weka kule, na siku hiyo nikazitazama kwa macho makavu nikaona fundi wa ng'ambo!

Maandishi yakaanza kutiririka kwenye kioo. Bila miwani mimi naona tu vitu vinapanda. Nikafurahi. "Asanteni, asanteni, naona dau linakimbia! Endeleeni!" Kumbe wanaandika, "Hiyo si rangi ya kucha ya Bi Rukia?" na "Mama Salma, zima simu," na mwingine anacheka tu mstari mzima. Farhana yeye yuko mjini, Bi Rukia hamjui, ameliona dau la mnunuzi wa Dar liko juu, akapiga ukelele wake, "Imekwenda!"

Nikainua mikono kushangilia, na kwenye kioo nikaona nyuma yangu kuna mtu wa pili.

Bi Rukia huwa anaingilia mlango wa jikoni, hapigi hodi kwangu, ni kwake. Madirisha yalikuwa wazi na mimi nilikuwa napayuka, kwa hiyo alisikia hotuba yote. Alisimama pale na upawa mkononi.

"Mwanangu," akasema, "huyo fundi wa nukta mbili ni mimi."

Ningependa kuwaambia kwamba alinitukana. Angenitukana ningepona. Alikaa kwenye kiti, akalitazama kombe, akasema taratibu, "Kumbe lilikuwa hapa. Na mimi nnamnunia wifi yangu wa watu, hata mamake mdogo alipofariki sikwenda kumpa pole. Na wewe ukanambia watu hawana haya."

Na simu inaenda. Mji mzima unasikia.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nasubiri biriani."

"Mama Salma, biriani gani tena?" Farhana akadakia kwenye simu. "Mteja anauliza kombe litafika lini Dar!"

Bi Rukia akalichukua, akalifunika kwa ncha ya kanga yake, akainuka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, maana niliona linaondoka tupu. Nikamshika mkono, "Subiri, mama, usiende nalo tupu," nikakimbilia jikoni, nikarudi na vitumbua vya asubuhi vilivyokauka nikitaka kuvitia kwa nguvu, kimoja kikaanguka kikabingirika mpaka mbele ya kamera kikakaa pale. "Acha, mwanangu," akasema, na akaondoka.

Kwenye kundi nilifukuzwa kabla ya magharibi. Shangazi yangu akapiga simu kutoka Kitaya, anafoka, "Bibi yako yupi huyo wa kaure? Mama yangu mimi amekula kwenye bakuli la bati mpaka anakufa!" Baba Salma aliporudi alivua viatu, akaniangalia, akaniomba nimkague mgongoni kama ana nukta, asije akapigwa mnada naye. Akacheka peke yake.

Nilikwenda Mtawanya kwa miguu yangu kumwambia wifi mtu ukweli, nikasemwa mpaka akachoka. Biriani nikaipika hatimaye, nikaipeleka kwa sahani yangu mwenyewe, nikapiga magoti. Bi Rukia akanishika bega akasema yamekwisha, na naamini yamekwisha, maana wiki ile ile aliniletea futa, ule mseto wa kunde na mhogo, kama kawaida.

Lakini alileta kwenye kopo la aiskrimu.

"Kopo hilo usihangaike kulirudisha, mwanangu," akasema, kwa upole kabisa, bila kejeli, na upole huo ndio uliokaa kifuani mpaka leo.

Sitauza tena hata kijiko ambacho sikukinunua mwenyewe dukani, na chombo cha mtu nitakirudisha siku hiyo hiyo, hata kwa chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Kopo nalirudisha. Kila mara. Nalijaza kalimati, nalijaza korosho, nampelekea, naye ananiletea tena kopo, hili au jingine, yote kwake sawa. Na kila nikiliosha nalipindua kwanza nitazame chini, labda siku moja atakuwa ametia nukta zake. Mpaka leo ni peupe.