Mke wa Marehemu Mwanangu Ananiomba Nimfundishe Kusikiliza

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba unifichie jina, kwa maana watu wa kwetu wanasoma hapa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Naishi na mke wangu mtaa wa Matisi, Kitale, ingawa kwetu hasa ni Malakisi. Mwanangu wa pekee alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa. Aliacha mke, muuguzi kule Bungoma, na binti mdogo anayecheka kama yeye. Huyo mkaza mwanangu nitamwita Nekesa.

Nekesa anatafuta kazi ng'ambo, na huko hawamchukui muuguzi mpaka afaulu mtihani wa kusikiliza Kiingereza. Niwaeleze ulivyo, maana wengi hawaujui. Unachezewa kanda ya watu wakizungumza, nawe unaandika majibu. Zamani kila kipande kilichezwa mara mbili: mara ya kwanza ushike maana, mara ya pili ukamate jibu. Nekesa aliufanya hivyo akakosa kufaulu kwa alama chache tu. Sasa wametangaza kwamba unabadilika. Kila kipande kitasikika mara moja, na wasemaji watakuwa wa nchi mbalimbali, wengine wakimeza maneno. Aliposikia hayo alikuja kwangu akilia.

Kwetu sisi Wabukusu, baba mkwe haketi karibu na mke wa mwanawe, wala hawapeani mikono. Kwa hiyo akija Jumamosi kutoka Bungoma, yeye hukaa jikoni na kalamu yake, mimi sebuleni, mlango umeachwa wazi kidogo, nami namsomea gazeti la Kiingereza kwa sauti. Mila hiyo ilitufaa kuliko nilivyodhani, kwa sababu hata katika mtihani hana uso wa kutazama, ana sauti tu. Shida ilikuwa kwangu. Mwalimu wa miaka mingi hurudia hata bila kuombwa. Ilinibidi nijifunze kunyamaza.

"Baba, rudia hapo kidogo," anasema kutoka jikoni.

"Sirudii, mama."

"Si hata yule wa kanda angenihurumia?"

"Yule wa kanda hakujui."

Tunacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta. Tangu tumzike mwanangu, nyumba hii haikuwa imesikia kicheko.

Ndugu yangu mdogo, mkulima wa tumbaku, alipopata habari alifunga safari kutoka Malakisi. Hata chai alikataa. "Mwalimu, ati unamfundisha huyu bibi njia ya kuhama?" aliniuliza. "Akipita anabeba mtoto. Sisi tutabaki na nini, bana? Kaburi?" Nilimjibu kwamba elimu si kamba ya kumfungia mtu. Akanitazama, akasema, "Hiyo ni Kiswahili ya vitabu. Mimi naongea juu ya damu yetu."

Nikamuuliza Nekesa mwenyewe, nikitumaini atanituliza. Akasema kutoka jikoni, "Sitakudanganya, Baba. Nikipata, naenda na mtoto. Kurudi sijui. Mume wangu alifia katika wodi ninayofanyia kazi. Kila zamu napita kando ya kile kitanda, na kila mara kuna mtu mwingine amelala hapo."

Lakini aliyenimaliza nguvu ni mke wangu. Hakugomba. Alikuwa anachambua maharagwe, akasema bila kuinua uso: "Mrudie. Msomee mara mbili mbili kama zamani. Mwenyewe atakushukuru. Akizoea kurudiwa, siku ya mtihani atapotea, na hakuna atakayekulaumu."

Nilimuuliza kama anajua anachoniomba.

"Najua," akasema. "Nimezaa mara moja. Huyo mtoto ndiye nimebaki naye."

Jumamosi iliyopita Nekesa alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu. Katikati ya somo akaniita: "Baba, leo nirudie tu. Nimechoka, sishiki kitu." Nikamsikia mke wangu akikohoa chumbani, kikohozi kisicho cha mafua. Nilishika lile gazeti. Mwishowe nikasema kichwa kinaniuma, tuishie hapo. Nekesa akarudi Bungoma akiwa na wasiwasi kwamba naugua. Jioni alipiga simu kuniuliza kama nimemeza dawa.

Ndugu zangu, nimefundisha watoto wa watu karibu maisha yangu yote na sijawahi kumpotosha mwanafunzi kwa makusudi. Lakini pia sijawahi kumfundisha mtu kitu ambacho akikijua vizuri nitampoteza yeye na mjukuu wangu pamoja. Mke wangu hanisemeshi, anangoja aone. Jumamosi hii Nekesa anakuja kwa somo la mwisho kabla ya mtihani. Atakaa jikoni na kalamu yake, akiniamini. Ninyi mlio mbali na jambo hili huenda mnaliona vizuri kuliko mimi. Naomba mnishauri kabla hajafika: nimsomee mara ngapi?